Ghala la Sauti za Ntalikwa

Nampenda Sheima, ndiyo maana hasira yangu kwake haiishi. Ningekuwa simpendi ningeshamsahau zamani.

Kwao ni mtaa wa Cheyo, familia ya Kiarabu ya biashara. Babu yake alikuwa na duka la nafaka na asali, na kila asubuhi alifungua milango yote hewa ipite, kisha mwisho kabisa akarudi kufunga stoo. Miaka nenda rudi hawakuibiwa hata kopo. Sheima akasomea kompyuta, akawa mwandishi wa programu, lakini mkono wake ukabaki wa dukani.

Mimi ni Advera, nesi mstaafu, nakaa Ntalikwa. Sheima alikuwa anatengeneza programu ya simu ya kuwajibu akina mama maswali ya uzazi kwa Kinyamwezi, na programu haiwezi kujua lugha bila kuwasikia wenyewe. Wanawake nilimtafutia mimi. Thelathini na mmoja walikaa sebuleni kwangu wakarekodiwa, na kila mmoja nilimwambia kwamba sauti yake itafungiwa.

Aliyesita kuliko wote ni Josepha, mke wa Kasimiri. Uzazi wake wa tano nusura umuue, na tangu hapo anachomwa sindano ya kuzuia mimba bila mumewe kujua. Alilieleza hilo kwa Kinyamwezi chake kizuri, na jina la mume akalitaja. Kisha akaniuliza, "Nesi, Kasimiri hatasikia?" Nikamwambia hatasikia. Mdomo wangu huu huu.

Kazi yote ya Sheima ilikaa katika maghala kumi na mawili kwenye tovuti moja, yale yanayotunza kila badiliko la programu. Moja ndilo lililotunza sauti za wale wanawake. Kila ghala lina mipangilio yake, liwe wazi kwa dunia nzima au lifungwe. Wafadhili walitaka programu iwe wazi kabla ya mwezi kuisha. Badala ya kuingia ghala moja moja, Sheima aliandika amri za kuongea na tovuti kupitia API: kompyuta yake inauliza mipangilio ikoje, kisha inaagiza ibadilishwe. Na amri zenyewe akazipanga vile babu alivyofungua duka. Fungua yote kumi na mawili, halafu, mstari wa mwisho, funga la sauti.

Jamani, si angeliruka tu!

Siku hiyo mtandao ulisuasua, amri zikawa zinakwenda kwa kujikongoja. Kabla hazijaisha kaka yake akapiga simu: ami Mundhir amefariki, maziko ni baada ya Alasiri. Sheima akafunika kompyuta, amri zikakatikia njiani, akajitanda, akaenda. Ghala la sauti lilikuwa limeshafunguliwa, na mstari wa mwisho ulikuwa haujafika. Siku tatu za matanga alikuwa jikoni na wanawake wenzake, hakugusa kazi. Kwa msiba simlaumu, nani angebaki kutazama kioo? Namlaumu kwa kufungua kwanza.

Siku ya nne akaiuliza tovuti, ikamjibu kwamba ghala la sauti liko wazi. Akaagiza lifungwe, likafungwa papo hapo. Kisha akauliza limenakiliwa mara ngapi. Mara saba. Amri ya kurudisha nakala haipo. Alikuja kwangu analia, na mimi nikamfokea mpaka majirani wakatoka nje.

Haikupita wiki mbili sauti ya Josepha ikawa inazunguka kwenye makundi ya simu, mtu ameikata pale pale penye jina la mume. Kasimiri aliisikia mnadani, mbele ya wenzake wanaocheka. Hakumpiga. Alimrudisha kwao Kigwa, watoto wote watano akabaki nao. Wale wanawake wengine hawapokei simu zangu, na wawili wameacha kliniki. Wafadhili nao wameondoka.

Kila asubuhi Sheima anaiuliza tovuti kama ghala limefungwa, na kila asubuhi inamjibu limefungwa. Nimemwambia aache, hasikii.

Mwezi uliopita alinibembeleza twende Kigwa kuomba radhi. Josepha alituamkia, akatutandikia mkeka, akatuletea maji. Sheima akasema yote: kosa ni lake, ghala amelifunga, amsamehe. Josepha alimsikiliza mpaka mwisho, macho yakiwa kwenye simu iliyokuwa mkononi mwa Sheima.

"Zima hiyo kwanza," akasema.

Sheima akaizima. Akaona haitoshi, akachukua na yangu, akazipeleka zote nje kwa dereva wa bodaboda aliyetuleta, akarudi akakaa. Tukasubiri. Josepha alikuwa na la kusema. Tulikaa pale mpaka saa kumi, na hakutamka neno jingine.