Taa kubwa niliyomletea mama wakati wa ukungu Upareni, na jinsi usiku ulivyozidi kuwa mrefu

Wakuu, heri ya huko mliko.

Haya yametokea nyumbani kwetu Mbaga, milimani juu ya Same, na sitaongeza chumvi. Mama mwenyewe ameniruhusu kuyaandika, kwa sharti moja: nisiseme kwamba anakoroma. Kwa hiyo hilo sijalisema.

Wasioijua Upare ya juu waelewe kitu kimoja. Same mjini jua linakuchoma mpaka unatafuta kivuli cha nguzo ya umeme. Panda milimani miezi ya baridi, ukungu unaingia hadi jikoni. Nyumba zetu zina madirisha madogo, kuzuia baridi. Saa nne asubuhi unamtafuta mtu chumbani kwa sauti.

Mama aliteleza kwenye njia ya shamba la tangawizi, akateguka kifundo cha mguu. Akakaa ndani wiki baada ya wiki. Mchana anasinzia kwenye kiti, usiku yuko macho. Namsikia anafungua kabati, anafunga, anajaribu komeo la mlango. Anataka kwenda kuangalia tangawizi yake, gizani, na mguu ule.

Kaka yangu mkubwa anaishi Same mjini. Akasema kwenye simu kwamba mwisho wa mwezi anapanda, na akikuta hali ni ileile anamchukua mama akaishi kwake.

Kaka si mtu mbaya. Nyuma ya nyumba yetu kuna korongo. Yeye analiogopa, na mimi pia. Lakini mama alishasema kwamba kumshusha Same ni kung'oa mgomba na kuupanda katikati ya lami.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kumalizia riwaya. Wapi. Naandika sentensi, nasikiliza komeo, nafuta sentensi. Miguu yangu ilisahau kukaa.

Nikaanza kusoma mtandaoni. Wanasema mwanga mkali wa asubuhi unauambia mwili kwamba kumekucha. Na mwanga wa buluu, ule wa taa nyeupe na screen za simu, ukizidi jioni unausukuma usingizi mbali.

Tulipokwenda kliniki kwa ajili ya mguu nikamuuliza nesi. Akasema tunaweza kujaribu, ila kwanza mama aangaliwe macho, na taa ikae pembeni, asiikodolee. Macho yakaonekana salama. Nikanunua Same taa pana ya LED, nyeupe, fundi akaitengenezea stendi.

Asubuhi ya kwanza sebule ikawaka yote. Mama akatazama huku na huku, akasema sasa anaona vizuri ninavyofagia.

Tulipokosea ni hapa, na ni kosa la watu wa kwetu kabisa.

Habari za taa zilitembea. Jioni jirani yetu, mama Eliwaza, akaja na ungo wa maharage ayachague kwenye mwanga. Kesho yake akaja na wifi yake. Halafu wanakwaya, na nyimbo zao. Nikitaka kuzima, mama ananikazia macho. Kwetu mgeni akiwa ameketi huzimi taa, wala huvuti kuni kwenye mafiga. Ni kumwambia aondoke.

Basi mama akawa anakunywa mwanga mweupe mpaka wa mwisho anapoaga. Taa ya asubuhi tukaifanya ya jioni.

Usiku mmoja nikakuta mlango uko wazi. Alikuwa nje, upande wa korongo, amejifunga shuka. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Nilidhani kumekucha," akasema.

Kulipokucha kweli, nikamwambia nitawaomba majirani wasije tena.

"Kwangu watu hawafukuzwi kwa sababu ya balbu." Akanywa chai kidogo. "Waambie waje asubuhi."

Nikasema asubuhi watu wanakwenda mashambani. Akaniuliza kama mimi ndiye nitamfundisha watu wa Mbaga wanaamkaje.

Wakaja. Siku za msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kijiji, wakaanza kukutania kwetu badala ya njiani. Chai ya tangawizi, makande yaliyopashwa, majembe yameegeshwa ukutani. Baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, hakukosa.

"Shemeji, jua la kwako unauza kilo shilingi ngapi?"

"Mvivu anapewa bure," mama akamjibu. "Kaa."

Na jioni taa kubwa tukawa tunaizima mapema, kabla mtu hajapiga hodi. Inabaki balbu ndogo ya njano pale kwenye kona. Anayekuja anakuta nyumba iko hivyo, hakuna kilichozimwa mbele yake. Simu yangu nayo nikaifungia kabatini.

Usingizi haukurudi kwa siku moja. Ulirudi vipandevipande, kama mvua ya kwanza.

Kaka akafika jioni, na gari lenye nafasi ya kitanda. Akauliza mama yuko wapi. Nikamwambia amelala. Akasogea mlangoni kwake, akasimama akisikiliza muda mrefu. Niliogopa ataniambia usiku mmoja si ushahidi.

Asubuhi akakuta sebule imejaa, mama katikati, anagawa kazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sogea, unamzibia baba yako mdogo mwanga."

Kaka akaniuliza pembeni kama kilichomponya ni taa au ni watu. Nikamwambia sijui. Akavua koti, akatoka na baba mdogo na wenzake kukata miti. Mpaka jioni walikuwa wamezungushia uzio kwenye korongo. Kisha akashuka Same, nyuma ya gari hamna kitu.

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba mwanga una saa zake. Na ukimletea mzazi taa kali, uliza wenye utaalamu kwanza, usifuate mtandao peke yake. Mimi bado kuna usiku naamka na kusikiliza, hata pakiwa kimya.

Wenye wazazi wasiolala, kwenu mnafanyaje? Hata anayeona nimebahatisha tu, aseme.