Kanga Mdomoni

Mtoto wa dada yangu alikuwa na mkono, jamani! Tangu yuko shule hapa Dallas, mpira ukitoka mkononi mwake unakwenda alikoutuma. Katika futiboli ya Wamarekani, ile ya kushika kwa mikono, yeye alikuwa kwotabeki: ndiye anayewaamrisha wenzake, kisha anaurusha mpira. Mwaka 2018 akapata mkataba na timu ndogo ya kulipwa Houston. Sisi jirani zake wote wa mtaa wa Vickery Meadow tukajiona tumesajiliwa.

Msimu karibu wote alikaa benchi na kofia yake. Mimi na dada tunatoka kazini, tunapika pilau, tuna-drive mpaka Houston kumtazama amesimama pembeni. Hatukuchoka. Siku alipoingizwa, weee! Tulipiga vigelegele mpaka Wazungu wakageuka. Naye kainama pale anawapazia wenzake sauti, hawamsikii. Kila mtu akaenda upande wake, yeye akaangushwa, mpira ukachukuliwa. Kocha akamtoa.

Baadaye akaja kwenye gari, akala pilau yetu. "Mama, Ma'mdogo, timu yetu ikiwa na mpira, watu wetu wananyamaza. Wanaopiga kelele ni wapinzani, ili tusisikilizane."

Nilipandwa na hasira. Mchezo gani huu, mtu unamwonyesha mapenzi kwa kumnunia? Dada hakubisha. Njia nzima ya kurudi alilia, "Nimemharibia mwanangu."

Mechi ya mwisho ya msimu uliofuata, kwotabeki wa kwanza akaumia. Kijana alishaambiwa: usipoonyesha kitu, mkataba basi. Dada akakunja ncha ya kanga, akaitia mdomoni, akaing'ata. Safari hii sauti ya kijana niliisikia mpaka kule juu tulikokaa. Akarudi nyuma, akaurusha. Mpira ukapita juu ya vichwa vya watu, ukamfikia mwenzake kwenye mstari wa mwisho: bao! Uwanja mzima shangwe!

"Toa kanga, bao limeingia," namwambia dada. Akatikisa kichwa.

Mkataba aliongezewa, ingawa korona ikaja ikaifunga ligi, na sasa anafanya kazi ya ofisini Richardson, hapa jirani na Dallas. Hayo ni ya baadaye. Siku ile, mechi ilipokwisha, alikuja mpaka kwenye uzio, jasho linamtiririka.

"Mama, sasa piga."

Dada akaitoa kanga. Kigelegele kikagoma, kikatoka kilio. Basi nikampigia mimi.