Safari ya Maskati Kumlisha Bi Lata

Sikuondoka Unguja kwa matembezi. Niliondoka kwa sababu shoga yangu Bi Jaya, Mhindi niliyekua naye mtaa mmoja na ambaye sasa anaishi Maskati kwa mwanawe, alinipigia simu akilia, na Bi Jaya si mtu wa kulia. Mjukuu wake Nisha alikuwa ameposwa. Mposaji ni Kiran, mjukuu wa Bi Lata, naye Bi Lata ni wa mtaa wetu uleule, na sasa naye yuko Maskati. Lakini baba yake Bi Jaya alikuwa mshona viatu, na kina Bi Lata walikuwa wauza vitambaa, watu wa tabaka la juu, ambao kwa desturi yao hawali kwenye nyumba ya wafanya kazi ya ngozi. Bi Lata aliiridhia ndoa, ila alisema hataonja kitu kwa Bi Jaya. Nisha naye akajibu kuwa nyumba isiyokula kwa bibi yake, yeye haingii.

"Njoo wewe," Bi Jaya aliniambia. "Lata hamwogopi mtu ila wewe."

Sikusoma mimi. Kwa hiyo wewe mjukuu wangu unayeandika, yaweke maneno kama ninavyoyatoa, usiyapambe.

Asubuhi ya safari nilipanda ndege na kanga mbili, paketi ya karafuu na maneno makali niliyoyapanga tangu nyumbani. Kijana asiyenijua alinifunga mkanda na kunifungulia chupa ya maji. Mwenyezi Mungu amlipe.

Maskati ilinipokea kwa joto la kuunguza uso. Nililala mtaa wa Azaiba kwa mtoto wa marehemu dada yangu, ambako mkewe alinitandikia kitanda chake mwenyewe. Kesho yake mwanangu huyo alinipeleka Ruwi, anakokaa Bi Jaya.

"Khalati," alisema njiani, maana huko ndivyo anavyoitwa dada wa mama, "mambo ya Wahindi si tuwaachie wenyewe?"

"Endesha gari."

Ruwi ni mabenki chini ya milima mikavu, na nyuma ya mabenki ni majumba ya ghorofa yenye nguo zilizoanikwa hadi juu, mafundi cherehani na maduka ya viungo. Lifti ilikuwa nzima, nashukuru, maana magoti yangu si mazima. Bi Jaya alinikumbatia mlangoni.

Saa za alasiri aliingia Bi Lata na Kiran. Alikuja na chupa yake ya chai kwapani.

"Lata, umebeba chai kama mtu anayekwenda hospitali?" nilimuuliza.

"Ulimi huo bado unao?"

"Nnao, na nimeulipia nauli."

Hapo Bi Jaya akaleta sinia ya kunazi, zile ambazo Waomani huziita nabaki, akaiweka mbele ya mgeni wake. "Hazikupikwa hizi, hazikupita chunguni mwangu," alisema. "Hata mwanamfalme alikula."

Niwaeleze msomao. Katika hadithi kuu ya dini yao, mwanamfalme aliyeondoshwa kwao anapita mwituni, na bibi kizee wa tabaka la chini anamkaribisha kwa kunazi. Kwa kina Bi Jaya husimuliwa kuwa yule bibi aliiuma kila moja kwanza, ili ampe tamu tupu, naye mwanamfalme akala masazo yale kwa furaha.

"Alikula zilizooshwa," alisema Bi Lata. "Babu yangu alikuwa na maandiko ya zamani. Kuuma hakumo. Mumeongeza nyinyi baadaye, mupate kukaa sawa na watu."

"Babu yako alikuwa na maandiko, baba yangu alikuwa na meno," alijibu Bi Jaya. "Kunazi usiyoiuma utajuaje kuwa ni tamu?"

Nilifungua kinywa niyatoe maneno yangu. Kiran akanitangulia.

"Lakini Bibi, wewe ndiye uliyenihadithia kuwa aliuma. Kila nilipokataa kulala. Ukigonganisha na meno!"

Nisha alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa mkononi.

"Ulikuwa ukicheka," Bi Lata alimjibu kwa sauti ndogo. "Ile ya kuosha haikukuchekesha hata siku moja."

Akaitazama sinia kitambo.

"Jaya, zipi tamu?"

"Sijui. Sijazionja."

"Basi onja."

Bi Jaya akachukua moja, akaiuma, akampa kipande kilichobaki. Bi Lata akakitia kinywani, akakunja uso.

"Chachu!"

"Ngoja basi, nakutafutia nyingine," alisema Bi Jaya, na akauma tena, machozi yakimtiririka, sote tukicheka. Nisha akaja kupakua wali.

Nilirudi Unguja wiki ile ile, na maneno yangu makali sikuyatumia. Nashukuru kwa hilo, nawashukuru na wote walionilaza, walionilisha na kunipandisha ngazi za ndege. Hadithi ile si ya dini yangu, wala sisemi ipi ndiyo ya asili. Nililojifunza ni kuwa kila anayesimulia huchagua, na bibi anayemlaza mtoto huchagua zaidi kuliko wenye maandiko.

Nasi kwetu tuna mahodari wa kuhesabu nasaba. Kwa hiyo andika na hili, kwa herufi kubwa: akija mposaji mlangoni petu, mtu asimuulize babu yake alikuwa nani. Apakuliwe chakula, nami nitakula naye sahani moja.