Nilisema Nyanya Anaota Washindi wa Tuzo za Filamu

Admin, naomba unifiche jina, na kijiji pia usikitaje, sema tu ni upande wa Msambweni. Mimi ni kijana wa kiume wa miaka ishirini na sita, sijaoa, nimelelewa na nyanya mzaa mama tangu sijajua kutembea. Nafanya kazi Ukunda, kwenye duka la kuwatilia watu filamu kwenye flashi. Anayetaka kunitukana anitukane, lakini asome hadi mwisho.

Kila mwaka zikikaribia zile tuzo kubwa za filamu za ng'ambo, mimi hutabiri washindi kwenye ukurasa wangu. Si uchawi. Kabla ya tuzo zenyewe huwa kuna nyingine ndogo, za waigizaji, za waongozaji, na anayebeba huko mara nyingi hubeba na huku. Mimi hufuatilia hizo, kisha naandika majina. Mwaka wa kwanza nilipatia karibu yote, na waliosoma hawakufika hamsini. Iliniuma. Mtu unapatia hivyo halafu hakuna hata wa kukwambia hongera?

Mwaka uliofuata nikafanya ujinga. Nilimpiga nyanya picha amekaa barazani, mvi zimechomoza kwenye leso, chetezo cha udi kinafuka kando yake kwa sababu alikuwa akifukiza nyumba. Nikaandika: "Nyanya yangu hajui Kizungu wala hajawahi kuingia sinema, lakini ameota washindi wote." Chini nikaweka majina yangu. Mimi na nyanya tumezoea utani, humwita mke wangu mbele za watu, kwa hiyo niliona ni utani ule ule. Nilipatia yote isipokuwa moja. Wafuasi wakajaa, mpaka watu wa Tanga wakawa wananiandikia nimsalimie nyanya na nimuulize mambo yao. Nikanogewa. Msimu huu nikaanza mapema, nyanya ameota hivi, nyanya ameota vile.

Kumbe majirani nao wana simu.

Jirani yetu mmoja, nitamwita mama Riziki, mumewe alikuwa mgonjwa sana. Alikuja kwa nyanya akaomba amuotee, mumewe afanyiwe upasuaji au arudishwe nyumbani. Nyanya alishangaa. Akamwambia hana ndoto yoyote, ajuaye ni Mungu, na wao wawasikilize madaktari. Mimi nilikuwa hapo mlangoni nimeinamisha kichwa. Ningeweza kusema pale pale, maneno mawili tu, yakaisha. Niliona haya. Yule mume alifariki siku ya nne, na siku ya hitima maneno yalikuwa yameshaenea: huyu bibi aliona akanyamaza, na anayekiona kifo ndiye anayekileta.

Mnaotoka kwetu mnajua bikizee mwenye mvi akishaitwa mchawi hivyo mambo huishia wapi, kwenye panga au moto. Nyanya huuza mahamri na mbaazi kila asubuhi. Wiki ya kwanza yalibaki nusu, wiki ya pili yalibaki yote. Watoto waliokuwa wakimpa shikamoo sasa wanapita njia ya nyuma. Siku moja tukakuta karatasi imesukumwa chini ya mlango, imeandikwa ahame kabla hajahamishwa. Yeye hajui kusoma, akanipa nimsomee. Nilimwambia ni tangazo la chanjo ya kuku.

Nikaona nimwokoe kwa akili yangu mwenyewe. Tuzo zilikuwa zimebaki siku tatu, nikaweka utabiri mbovu kwa makusudi. Filamu bora nikaitaja ile iliyotoka mikono mitupu kila mahali, na muigizaji bora nikamtaja mtu ambaye hakuna aliyemfikiria. Nikaandika nyanya ameota hivyo. Nilijiambia, akikosea yote watu watacheka na hadithi itakufa. Jumatatu asubuhi nikafungua simu nikiwa dukani. Ile filamu ilikuwa imeshinda. Yule muigizaji pia. Nikakaa juu ya kreti ya soda nikisoma watu wanavyoandika kwamba huyu bibi si wa kawaida. Nimefuta kila kitu, lakini picha yake imeshazunguka kijiji kizima.

Sasa ukoo wa marehemu wanataka nyanya ale kiapo, kipande cha papai lililosomewa na mganga, ambalo eti mwenye hatia akilimeza huvimba mdomo na koo. Nilimweleza mjomba wangu ukweli wote. Alinisikiliza, kisha akasema, "Ukisema leo, watasema bibi amekutuma umfichie. Na atakayekuamini, atakuja kwako wewe." Nikarudi nyumbani. Wale watoto wa marehemu ni wanaume wazima na wana uchungu wa baba yao. Nawaogopa, sitadanganya tena kwa hilo.

Jana nyanya aliniita nikajua nimekwisha. Kumbe alitaka kuniambia amekubali kwenda kula lile papai Jumamosi. Yeye ni mtu wa swala tano na jambo hilo kwake ni haramu, lakini anasema hawezi kuishi mahali ambapo hakuna anayemsalimia. Kisha akaniuliza, taratibu tu, "Mjukuu wangu, wewe ndiye unayejua mambo ya simu. Ni nani aliyewaambia watu kwamba mimi naota?"

Nikamwambia sijui.

Sijalala wala sijala vizuri tangu hapo. Nikimtorosha hadi kwa ndugu zetu Kwale mjini, watasema amekimbia kwa kuwa ana hatia. Nikienda kwa chifu, nitarudi vipi mtaani? Na nikisema ukweli, nimwambie nani kwanza, mama Riziki au nyanya mwenyewe? Nishaurini ndugu zangu, na msichelewe, maana Jumamosi ni keshokutwa na yeye ameshafua buibui atakalovaa.