Farasi wa Kijivu na Wenyewe Wake

Yadam alikuwa mkarimu wa ulimi. Ukiingia hemani kwake ukasifu tandiko, alisema, "Lichukue, ni lako." Ukisifu kisu, "Chukua, chako hicho." Majirani wa bonde la Orkhon walikwisha kumzoea, hivyo hawakuchukua kitu. Walijibu, "Niwekee mpaka mwaka kesho," wakamaliza chai yao ya chumvi, wakapanda farasi wakaenda zao. Kwa mtindo huo Yadam alifika miaka sitini na ushei akiwa amegawa kila alichokuwa nacho, na hajapoteza hata kijiko.

Tusimwonee. Hakuwa mwizi, na kwa ulevi hakuwazidi wenzake. Enzi za ushirika aliendesha lori la sufu, na ushirika ulipovunjwa akagawiwa kondoo wachache na farasi majike kadhaa. Mkewe Dulmaa ndiye aliyewazidisha wakawa kundi la kuonekana, wakati Yadam bado anawasimulia watu jinsi atakavyowazidisha.

Jambo moja tu lilimkaa kooni kama mfupa. Katika mbio za Naadam, sikukuu ya kila majira ya joto, farasi watano wa kwanza humwagiwa mgongoni airagi, yaani maziwa ya farasi yaliyochachuka, na mtoa sifa huimba mbele ya watu wote uzuri wa farasi na jina la mwenyewe. Baba yake Yadam aliwahi kuimbwa. Shemeji yake, mtu asiyejua hata kufunga tandiko vizuri, aliimbwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyekunywa naye chai bila kusimuliwa. Yadam hajaimbwa. Farasi wake walikuwa wakirudi wakati watu wamekwisha kuhamia kwenye mieleka.

Ndipo akazaliwa wa Kijivu.

Farasi huitwa kwa rangi yake, si kwa jina kama mtu, naye alikuwa kijivu kama majivu ya samadi, sikio la kushoto limechanika kidogo tangu siku za mwanzo. Mwaka huohuo magari ya watalii kutoka mji mkuu, Ulaanbaatar, yakaanza kupita kwa Yadam. Watalii walikuwa wanalala mji mkuu kidogo, wanazungushwa jangwani, kisha wanaletwa bondeni kukaa na wafugaji. Miongoni mwao alikuwamo mwalimu mstaafu wa Kiholanzi, Bi Hanneke, mwanamke mrefu kama nguzo ya kufungia farasi. Wa Kijivu, bado mtoto, alipomlamba kiganja, yule bibi alilia.

Yadam akaona machozi, na machozi ya mgeni kwake yalikuwa kama sifa. Akafunga kitambaa cha hariri ya buluu kwenye manyoya ya shingo ya yule mtoto, kisha akakifungua akamkabidhi yule bibi, akasema, "Ni wako. Atakaa kundini kwangu, lakini ni wako." Ndivyo farasi anavyotolewa kwa mgeni wa heshima, na hakuna mfugaji anayelifanyia jambo hilo mzaha. Farasi hubaki kwenye nyasi zake, ila umiliki umehama.

Mwaka uliofuata akaja Bwana Kwak, daktari wa meno kutoka Korea, akamziba Yadam jino lililomsumbua majira yote ya baridi. Yadam alitaka kumshukuru. Akatazama kamba walikofungwa farasi wadogo, akaona wengine wote wamekonda, wa Kijivu peke yake anang'aa. Akafunga kitambaa kingine cha buluu, akakifungua akampa daktari. Alijiambia: Uholanzi ni mbali, na zawadi isiyoondoka nyumbani inampunguzia nani?

Inampunguzia aliyepewa kwanza, lakini hilo Yadam hakujiuliza. Mtu anayetoa kitu kimoja mara mbili hajatoa hata mara moja.

Mambo yakatulia miaka kadhaa. Wa Kijivu akakua, akapata kifua kama mlango wa hema, na majira fulani ya joto mjukuu wao Oyun alipompanda kwenye mazoezi, hakuna farasi wa jirani aliyeona zaidi ya vumbi lake. Yadam akatoa joho lake la hariri kwenye sanduku, akalining'iniza lipate hewa. Naadam ya tarafa ilikuwa karibu.

Asubuhi moja, katikati ya kukamua, simu ikalia. Alikuwa Nandin, binti wa mdogo wake Dulmaa, aliyeshika kazi ya kuongoza misafara ya watalii kutoka mji mkuu.

"Baba mkubwa, mifugo imenenepa?"

"Imenenepa. Wewe je, moshi wa mji haujakukausha bado?"

"Bado nina maji kidogo. Sikia, keshokutwa nakuja na wageni. Wawili unawajua. Bi Hanneke, yule Mholanzi."

"Yule aliyelia?"

"Huyohuyo. Na Bwana Kwak, daktari wa meno."

Lile jino lililozibwa likaanza kuuma lenyewe.

"Wanakuja gari moja?"

"Gari moja, kiti kimoja, hawaachani. Kila mmoja anasema anakuja kumwona farasi wake. Sikujua kama uligawa farasi wawili, baba mkubwa. Una moyo!"

"Mimi ni mtu wa kutoa," alisema Yadam, na simu ikakatika. Au aliikata.

Mchana huo Dulmaa alimkuta mumewe mtoni akimsugua kwa sabuni farasi mzee wa kuvuta gari la maji, ambaye naye, akitakata, alikuwa na rangi ya kukaribia kijivu.

"Huyo ana harusi?" aliuliza Dulmaa.

"Nampenda tu."

"Umekaa naye miaka yote hujampenda, leo ndiyo umempenda mpaka mkiani? Sema, mzee."

Akasema. Dulmaa alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Basi utawaambia."

"Nitawaambia baada ya mbio."

"Kabla."

"Mke wangu, fikiri! Wa Kijivu atashinda mwaka huu, hata shemeji anajua, ndiyo maana hanisalimu. Nikisema ana mwenyewe mwingine, ataimbwa huyo mwingine. Mimi nitaimbwa lini? Kaburini?"

"Sikukuzuia kusema ulipokuwa unasema," alijibu Dulmaa. "Na kunyamaza sitakusaidia."

Wageni wakafika. Nandin akapiga ukelele kutoka mbali, "Shikeni mbwa!" kama afanyavyo mtu mwenye adabu, mbwa wakashikwa, mabakuli ya airagi yakazunguka. Yadam alikuwa amepanga vita yake. Bi Hanneke akapelekwa juu kilimani kumwona wa Kijivu mwenyewe, akamkumbatia shingo, akalia tena kama mtu asiyepitiwa na miaka. Bwana Kwak akapelekwa nyuma ya mazizi, alikofungwa yule mzee wa gari la maji, amechanwa mkia.

Bwana Kwak alimtazama sana. Nandin akatafsiri.

"Anauliza, picha yake inaonyesha sikio limechanika. Hili ni zima."

"Mwambie limepona."

"Sikio la farasi linapona?"

"Kwa hewa ya bonde hili, mwanangu, kila kitu kinapona. Mwambie."

Nandin akamwambia, uso mkavu kama jibini la mwaka jana. Bwana Kwak akainama kwa heshima, akampa farasi sukari, na farasi alipofungua mdomo, daktari akaingiza kidole, akamwinua mdomo wa juu, akachungulia. Alichungulia kwa muda, kama yuko kazini.

"Anasema huyu amepita miaka ishirini," alitafsiri Nandin. "Anauliza, amezeekaje hivi, maana alimwacha mtoto."

"Baridi," alisema Yadam. "Ile baridi kali iliyopita. Ilitutesa sote. Hata mimi, mwambie, sikuwa hivi."

Bwana Kwak akatikisa kichwa kwa huruma, akamshika Yadam mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia kupitia Nandin kwamba anampenda farasi wake vilevile, uzee si aibu. Yadam akarudi hemani akijiona ameshinda. Wala hakumwona Nandin aliyeegemea gurudumu la gari, amejiziba mdomo kwa kofia, mabega yanamtikisika.

Siku ya Naadam uwanja ulijaa. Watu walikaa juu ya farasi zao kama wengine wanavyokaa kwenye viti, moshi wa mafuta ya maandazi ya nyama ukapanda, na macho yote yakaelekea upande wa vilima. Kwanza likatokea vumbi. Kisha ndani ya vumbi kikatokea kijivu. Oyun alikuwa amelala shingoni akipiga ukelele wake mwembamba, na nyuma yake hapakuwa na mtu, pakawa na nafasi, ndipo wakaja wengine.

Yadam alipaza sauti isiyokuwa neno. Akamkumbatia shemeji yake kwa bahati mbaya, akamwachia.

Mtoa sifa, Mzee Badarch, akaja na bakuli kubwa la airagi. Kwenye Naadam ya tarafa hakuna karatasi. Mtoa sifa huuliza mbele ya umati, na lile analojibiwa ndilo analoliimba.

"Mwenye farasi ajitokeze!"

Yadam akatoka katika joho lake la hariri. Upande wake wa kulia akatoka Bi Hanneke, ameshika kitambaa cha buluu kilichopauka. Upande wa kushoto akatoka Bwana Kwak, naye ana kitambaa cha buluu, akimtazama farasi mwenye sikio lililochanika kwa furaha ya mtu aliyeona ndugu yake amerudi ujanani. Umati ukaanza kucheka kutoka pembeni.

Yadam akamgeukia Nandin. "Hawa wamejuaje?"

"Walionyeshana picha mji mkuu, mezani, kabla hatujaanza hata safari," alisema Nandin. "Jangwa lote wamelivuka wakicheka, baba mkubwa. Waliomba nisikwambie. Walitaka kuona utafanyaje."

"Na wewe ukakubali!"

"Nimefunzwa kuwaheshimu wageni, na aliyenifunza ni wewe."

Mzee Badarch hakuwa na haraka. "Nauliza mara moja, maana nikishaimba haifutiki. Farasi huyu ni wa nani?"

Uongo ulikuwa bado unawezekana, na ungekuwa rahisi. Neno "wangu" lingetosha. Wageni wasingemshitaki, maneno yao yalipaswa kupita kinywani mwa Nandin. Joho lilikuwa mwilini, umati ulikuwa mbele, na miaka yote ya kurudi na vumbi la wengine ilikuwa nyuma. Yadam akamtafuta Dulmaa. Dulmaa alikuwa anatafuna jibini kavu akiangalia mieleka, kama mtu ambaye shauri hili halimhusu.

"Wa Bi Hanneke," alisema Yadam.

"Sauti! Unaongea na kola yako?"

"Wa Bi Hanneke! Nilimpa akiwa ananyonya. Na wa Bwana Kwak. Nilimpa mwaka uliofuata." Akamwonyesha farasi kwa kidole. "Huyuhuyu mmoja. Na jana nilimwonyesha daktari farasi wa gari la maji, nikamwambia ndiye."

Kicheko kilichopasuka pale kiliwashitua farasi. Mtu mmoja alianguka kutoka kwenye tandiko. Shemeji alikuwa anajipiga mapaja, machozi yanamtoka. Ila Mzee Badarch hakucheka.

"Na mimi?" aliuliza.

"Wewe umeingiaje?"

"Harusi ya mwanao, Yadam. Nilisifu tumbo la jike lako. Ukasema, 'Kitakachotoka humo ni chako.' Nikakwambia niwekee mpaka mwaka kesho. Umeniwekea vizuri, naona amekua."

Yadam akavua kofia.

Mzee Badarch akanyoosha koo, akamwaga maziwa juu ya mgongo wa yule farasi, akaimba. Aliimba kifua kama mlango wa hema, kwato kama mabakuli ya shaba, sikio lililochanwa na upepo kwa wivu. Kisha akaimba wenyewe: Badarch wa bonde la Orkhon, Hanneke wa nchi iliyo chini ya bahari, Kwak mwenye kutuliza meno. Na mwisho kabisa, akivuta pumzi, akaimba, "achungwaye na Yadam, mchungaji wao."

Mchungaji. Lilikuwa neno la kweli, na lilimkaa Yadam kama joho la mtu mwingine. Bakuli likapita kwa wenyewe watatu, wakanywa kwa zamu. Yeye akapewa masalia.

Zawadi ya mshindi ilikuwa zulia zito jekundu lenye maua, ambalo Dulmaa alikuwa amelikodolea macho tangu lilipotundikwa. Yadam akajipa moyo: farasi hubaki na mchungaji, na zulia je? Mzee Badarch akasema hana haja nalo, nyumba yake imejaa. Yadam akatabasamu, akanyoosha mikono.

Bi Hanneke na Bwana Kwak wakaketi chini, wakarusha vifupa vya vifundo vya kondoo, mithili ya dadu, kama walivyofundishwa na dereva wao njiani. Mwalimu akashinda. Akalikunja zulia, akalitupa begani mithili ya gunia la sufu, akalipeleka garini kwa miguu yake mirefu.

"Linaondoka!" alisema Yadam.

"Linaondoka," alisema Dulmaa. Alikuwa amelitaka zulia lile kwa moyo wote, hata hivyo kicheko kilikuwa kimemshika mpaka ikabidi ajishikilie kwenye hatamu. "Umeona, mzee? Hivyo ndivyo kutoa kulivyo. Kitu kinaondoka."

Magari yakawashwa. Nandin akapunga mkono, Bwana Kwak akainama dirishani, na zulia likafungwa juu ya paa, nyuzi zake za pembeni zikipepea kuelekea barabara ya Ulaanbaatar.

Yadam akavua joho, akalikunja. Wa Kijivu alikuwa amesimama anatoka jasho, na jasho la farasi aliyeshinda haliachwi likaukie mwilini. Yadam akachukua kibao cha kukwangulia jasho, akaanza shingoni kushuka begani, taratibu, na kwa uangalifu kuliko siku zote, maana mali ya watu haikwanguliwi ovyo.