Kitambaa cha Tatu

Harufu ilianza siku ya nane. Nilikuwa nimelazwa katika hospitali moja ya Makueni baada ya kupasuliwa jipu kwenye paja, likaacha shimo la kutosha kidole gumba. Nilicheka na kila mtu, ndivyo nilivyo. Nilikuwa najifunza ushonaji mjini Wote, na nikilala chali nilikuwa nachora magauni kichwani.

Mama wa kitanda jirani, mtu wa Kilungu, alisema kuna panya amefia darini. Fundi akapanda na tochi, akashuka na vumbi tu. Kesho yake harufu ilizidi, tamu tamu, kama ndizi iliyosahaulika kwenye mfuko wa nailoni. Mama akasema basi panya huyo ameokoka, amepaa akatuachia mwili wa harufu. Tulicheka sana. Halafu akaomba kitanda chake kisogezwe dirishani. Akina mama wa kanisa letu walipokuja kuniombea, waliimbia mlangoni.

Daktari alisema akirudi Ijumaa akute bado nina joto, nitapasuliwa tena, na huenda mguu usipone. Ulikuwa mguu wa kulia, wa kukanyagia cherehani.

Jumatano wakaja wageni wawili kupima kama wauguzi wanajua kutunza vidonda. Walikuwa na karatasi za maswali, na walitaka pia kidonda cha kweli. Nikakubali upesi, wageni nawapenda, na waliahidi soda. Masharti yao: muuguzi aingie peke yake, atazame, aandike. Asiguse. Asiongee na mgonjwa.

Nikafunuliwa, wakaanza kupita. Walikuwa masista wale wale wanaonitania kila asubuhi. Sasa kila mmoja alisimama miguuni pangu, akainama kidogo, akaandika, akaenda bila kuniangalia usoni. Wa kwanza nilimsalimia. Wa pili pia. Kufikia wa tano nilinyamaza, maana nilishakumbuka nilipoona mstari kama huo: kwenye matanga ya shangazi, jeneza lilipofunguliwa uani tumuage. Hata mimi siku ile niliinama hivyo, nikazuia pumzi. Wodini zilisikika kalamu tu. Nikajifinya mkono nione kama bado nasikia uchungu.

Wa mwisho alikuwa sista wa makamo, amehamishwa majuzi kutoka Nuu, hajawahi kunihudumia. Hakuandika. Alivuta hewa mara mbili, akaweka kalamu kitandani.

"Mwiitu," akaniita, vile mama wa kwetu anavyomwita binti yake, "siku ya kwanza walikuwekea vitambaa vingapi humu ndani ya kidonda?"

Mgeni mmoja akamkumbusha masharti. Akamjibu bila kugeuka kwamba ampunguzie alama.

"Vitatu," nikasema. Mimi ni mtu wa nguo, nilihesabu.

"Na wakikusafisha wanatoa vingapi?"

"Viwili. Wanarudisha viwili vipya."

"Cha tatu kiko wapi?"

Nikamwambia nilidhani kiliyeyuka, kama ule uzi alioshonewa dada yangu baada ya kujifungua. Sikuuliza kwa kuogopa kuonekana mshamba. Na kwenye faili iliandikwa tu kwamba kidonda kimesafishwa, hakuna hesabu, kwa hiyo kila aliyeingia zamu alitoa alichokiona.

Akavaa glavu, akavuta polepole. Kilitoka kirefu kuliko nilivyokumbuka, cha kijivu, na harufu ikasimama wodini kama mtu. Mama wa Kilungu akaanza kuomba kwa sauti ya chini.

Ijumaa joto lilikuwa limeshuka. Daktari akatazama, akaenda kitanda kinachofuata.

Baadaye sista mmoja aliniambia matokeo, macho yake sakafuni. Karibu wote waliopita kimya walikuwa wameandika sawasawa: kuna harufu, kidonda kinaoza, chunguza kama kuna kitu kimebaki ndani. Walipata alama nzuri. Yule wa Nuu alirudisha karatasi tupu.

Siku hizi nina cherehani yangu, naikanyaga kwa mguu ule ule. Nikishakata nguo, navihesabu vipande kwa sauti, kimoja, viwili. Nikifika cha tatu, kabla sijakigusa, nanusa kwanza.