Ukungu kwenye Lenzi ya Arobaini

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mikroskopu. Nilipewa beseni, sabuni na kitambaa cha pamba, nikaambiwa nioshe chupa. Mkuu wa Maabara, mzee mwembamba mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutazamia watu, alinisimamisha mlangoni akaniuliza nimesoma wapi. Nilimjibu kwamba niliacha sekondari katikati, na kwamba mambo ya lenzi nilijifunza mwenyewe kwa kitabu cha zamani kisicho na jalada. Akacheka.

"Kitabu bila jalada? Utajua namna gani kama mwenye kuiandika alikuwa profesa ao kinyozi?"

"Nilijaribu vile inasema, shefu. Ilitoka sawa."

"Bon. Anza na chupa. Nazo zikitoka sawa, tutaona."

Ilikuwa maabara ya kuchunguza mawe ya migodi, hapa Lubumbashi. Kabla kiwanda hakijaamua namna ya kutoa shaba na kobalti kwenye jiwe, lazima kijue madini hayo yamekaa vipi ndani yake: punje ni kubwa au ndogo, na zimeshikana na nini. Kipande cha jiwe hugandishwa ndani ya resini, kisha husuguliwa kwa unga wa aina kadhaa, kila mmoja laini kuliko uliotangulia, mpaka uso wake ung'ae kama kioo. Kipande hicho tulikiita section polie. Jiwe halipitishi mwanga kama tone la damu la hospitali, kwa hiyo tunalimulika kwa juu, kupitia lenzi ileile tunayotazamia. Mwanga hugonga uso wa jiwe na kurudi jichoni, na kila madini huonekana kwa rangi yake.

Miezi mitatu baadaye niliruhusiwa kukaa mbele ya kamera. Zilikuwa siku za filamu. Ulipiga picha leo, ukaisafisha kwenye chumba cha giza, na kosa lako ukaliona kesho. Niliharibu filamu mbili nzima. Kwa jicho langu jiwe lilikuwa safi kabisa, lakini kwenye karatasi kila kitu kilikuwa kama kimefunikwa na maziwa. Mkuu wa Maabara hakunigombeza. Alivuta kiti akakaa kando yangu.

"Jicho yako iko na huruma," aliniambia. "Inarekebisha kosa bila kukuambia. Kamera haina huruma."

Kisha akanionyesha utaratibu ambao nimeufuata maisha yangu yote. Ndani ya lenzi ya juu, ile ya kuwekea jicho, kuna mistari miwili myembamba iliyopishana. Kwanza tazama mbali dirishani ili jicho lipumzike. Halafu zungusha lenzi hiyo ya juu mpaka mistari ionekane safi, bila kujali jiwe. Mistari ikishakuwa safi, usiiguse tena. Sasa shusha na pandisha meza ya mikroskopu mpaka jiwe nalo liwe safi pamoja na mistari. Vyote viwili vikionekana safi kwa wakati mmoja, jicho limezuiwa kudanganya, na filamu iliyowekwa kwenye umbali wake sahihi itaona unachoona. Vijana wengi hurukia jiwe moja kwa moja, kisha wanalaumu kamera.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Sakania, kwenye chumba kidogo cha kupokea sampuli karibu na reli. Mkuu wa Kituo alikuwa mtu wa karatasi, hakupenda mikroskopu, lakini ndiye aliyenifundisha kusubiri. Picha zangu za asubuhi na mapema zilitoka nzuri, za saa nne zilitoka na kingo mbili mbili, kama mtu aliyeandika neno juu ya neno. Nilibadilisha taa, nikabadilisha filamu. Yeye, bila kuinua kichwa kwenye makaratasi yake, akasema, "Bwana, wakati treni inapita, ata kalamu yangu inatembea yenyewe. We unapiga photo?" Nilitafuta bamba zito la saruji, nikaliweka juu ya vipande vya mpira vilivyokatwa kwenye tairi, na mikroskopu juu yake. Treni ikija, nilikunja mikono nikangoja.

Nilirudi Lubumbashi wakati kamera za dijitali zilipoanza kupatikana. Maabara binafsi ilinichukua, na Mkurugenzi wake, mhandisi aliyepasi suruali kila siku mpaka mikunjo ikate, alinipa kamera moja na mikroskopu moja iliyotumika. Havikuwa na kitu cha kuviunganisha. Nilichora pete ya kuunganisha kwa penseli, nikaipeleka kwa fundi wa tour, mashine ya kukereza chuma, kule Kampemba. Kamera ilifungwa bila lenzi yake ya mbele. Lenzi ya mikroskopu ilitosha, ila ilibidi kile kioo cha ndani cha kamera kinachopokea mwanga kikae palepale taswira inapojengeka. Milimita mbili zaidi, na jicho na kamera havikubaliani tena. Kwa hiyo nilimwomba fundi atengeneze mabomba mawili yanayoingiliana, na skrubu ya kuyabana. Nilitazama kwa jicho kwa utaratibu wa mistari, kisha nikavuta bomba taratibu mpaka skrini nayo ikawa safi, nikabana skrubu na kuipaka rangi ili asiiguse mtu. Kamera niliiamuru isubiri sekunde kumi baada ya kubonyezwa, ili mtikisiko wa kidole uishe. Mkurugenzi alipoona picha ya kwanza, punje za shaba zikiwa na kingo zilizokatika vizuri, aliita ofisi nzima ije kutazama. Sitaficha: nilijiona mkubwa siku hiyo.

Waliosugua mawe hawakuitwa. Mmoja wao alikuwa Mama Ngoie, mzaliwa wa Mitwaba, ambaye alisugua section karibu zote zilizopita chini ya kamera yangu. Alikuwa na vitambaa vyake, kila kimoja kwa unga wake, kila kimoja ndani ya kopo lake lenye kifuniko. Kati ya unga mmoja na mwingine alinawa mpaka viwiko. Ukigusa kopo la unga laini ukiwa umetoka kwenye unga mkali, alikufukuza chumbani, hata kama wewe ni Mkurugenzi. Alijua jiwe limetosha kwa kusikiliza sauti yake kwenye diski ya kusugulia.

Sasa naja kwenye jambo lililonifanya niandike haya. Lenzi ya chini inayokuza mara arobaini ilianguka ikapasuka. Kuagiza nyingine kungechukua miezi. Nilikuwa na mikroskopu ya hospitali iliyokwisha kufa, nikafungua lenzi yake ya arobaini na kuijaribu. Uzi wa skrubu ulikubali, ukuzaji ni uleule, taswira ikaonekana. Nilijisifu kwa ubunifu wangu na kuendelea na kazi.

Baada ya wiki chache, mteja mmoja wa mgodi alirudisha ripoti. Picha za lenzi inayokuza mara kumi zilikuwa safi, lakini za arobaini zilikuwa na ukungu, na punje ndogo hazikupimika. Alisema tusiporekebisha, mawe yake yatapelekwa Afrika Kusini. Mkurugenzi alitaka sababu kabla ya jioni. Nilikagua kamera, bomba, mistari, mtikisiko. Vyote sawa. Kilichobaki ni jiwe. Nikaandika kwenye cahier, daftari kubwa la maabara: kusugua hakutoshi, nikatia jina la Mama Ngoie na sahihi yangu.

Kesho yake aliambiwa kwamba mwisho wa mwezi ataondolewa kwenye kazi ya kusugua, na nafasi yake itachukuliwa na mtu mwingine. Alikuja kwangu na aproni yake yenye madoa ya unga. Hakupiga kelele.

"Papa Ilunga, uliandika ya kama mi sijue kusugua?"

"Niliandika vile niliona, mama."

"Uliona mawe ao uliona photo?"

"Niliona photo."

"Basi ungeandika photo." Akaweka juu ya meza yangu kisanduku kidogo chenye dawa ya kukausha unyevu. Ndani kulikuwa na section moja ya zamani. "Hii nilisugua mbele lenzi yako haijaanguka. Photo yake iko mu classeur, inakata kama wembe. Piga tena. Fasi ileile."

"Mama, jiwe la siku nyingi linaweza kubadilika rangi."

"Rangi, ndiyo. Kingo zinaweza kutembea? Piga."

Nilitafuta picha ya zamani kwenye classeur, faili letu la picha, nikachagua punje yenye umbo la kwato, nikaitafuta kwenye jiwe na kuiweka katikati ya skrini. Nilifuata utaratibu wote. Nikabonyeza, tukangoja sekunde kumi. Ilitoka na ukungu. Jiwe lilikuwa lilelile, na mikono iliyolisugua ni ileile. Mama Ngoie alivuta kiti akakaa akiangalia mikono yangu kama anavyoangalia mikono ya mtu anayekaribia makopo yake.

Nilifungua lenzi ya arobaini. Maandishi yake yalikuwa yamegeukia shingo ya mikroskopu, na siku niliyoifunga sikuyasoma. Baada ya alama ya ukuzaji yalisema 0.17. Namba hiyo ni unene, kwa milimita, wa kile kioo chembamba kinachofunika tone la damu au kipande cha mmea. Lenzi ya hospitali imetengenezwa ikijua kwamba kioo hicho kipo. Section zetu ziko wazi, hazifunikwi na kitu, na lenzi yake lazima iandikwe 0. Kwenye lenzi ya kumi tofauti hiyo haionekani. Kwenye arobaini inaleta ukungu hata ufanye nini. Na hapo ndipo nilipoona kosa langu la pili: kama jiwe lingekuwa limesuguliwa vibaya, hata lenzi ya kumi ingeonyesha mikwaruzo. Ushahidi ulikuwa mbele yangu siku nzima na nikautia jina la mtu.

"Umeona nini?" aliuliza.

"Nimeona mjinga, mama. Niitie Mkurugenzi, tafadhali."

"Nimuite mimi? Uende we mwenyewe. Miguu iko."

Nilikwenda. Mkurugenzi alipoingia nilimwonyesha ukungu kwenye skrini. Kisha nikadondosha tone moja la mafuta juu ya jiwe la Mama Ngoie, nikalifunika kwa kioo chembamba cha hospitali, nikarekebisha umbali na kubonyeza. Rangi zilififia kidogo kwa sababu kioo nacho kinarudisha mwanga wake, lakini kingo za ile punje zilikatika, sawasawa na picha ya classeur. Mkurugenzi aliinama mpaka pua ikakaribia skrini.

"Nani aliweka hii lenzi?"

"Mimi."

"Na nani aliandika kama kusugua ni mubaya?"

"Mimi vilevile, Bwana Mkurugenzi."

"Uko na kazi mingi, Papa Ilunga."

Nilijua anaweza kunifukuza, na angekuwa na haki. Badala yake alisema picha zote za mteja zirudiwe kwa kioo na mafuta mpaka lenzi ya kweli ije, na kwamba Mama Ngoie abaki alipo. Mteja alipokea picha mpya na mawe yake hayakwenda Afrika Kusini.

Kwenye cahier hatuchani ukurasa wala hatufuti. Tunapiga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke bado, tunaandika ukweli chini yake na kutia sahihi. Nilichukua rula. Mama Ngoie alisimama nyuma ya bega langu.

"Usikandamize sana kalamu," alisema. "Acha bantu basome."

Tangu siku hiyo, kila picha iliyotoka chini ya mkono wangu ilibeba majina mawili, la aliyesugua na la aliyepiga. Niliacha kuandika jina la mtu kwenye kosa kabla sijafungua lenzi zote na kuzisoma kwa miwani.

Sasa nimestaafu. Vijana wa chuo huja nyumbani na simu zao, wanataka kuzifunga kwenye mikroskopu kwa mpira na gundi, na mara nyingine zinakubali. Nawafundisha mistari, umbali, kusubiri, na namba zilizoandikwa kwenye lenzi. Najivunia kazi niliyoifanya. Kuna mashimo makubwa katika mkoa huu ambayo mtambo wake ulipangwa kwa kutazama picha zangu, na hazikudanganya.

Siku yangu ya mwisho Mkurugenzi alitoa hotuba. Alisema kwamba katika maabara yote hapakuwa na picha zenye kukata kama za Papa Ilunga. Watu wakapiga makofi. Kutoka nyuma, karibu na mlango, ikasikika sauti ya Mama Ngoie:

"Na mawe? Ilijisugua yenyewe?"

Walicheka wote. Nikaomba niletewe cahier ya miaka ile. Nilitafuta ukurasa, nikausoma kwa sauti mbele ya wakubwa na vijana, kwanza maneno yaliyopigwa mstari, yenye jina lake, kisha yale ya chini yake, yenye jina langu, mpaka kwenye sahihi. Mama Ngoie alifuta mikono kwenye aproni, akaja mbele, akanipa mkono.

"Bon," akasema. "Sasa unaweza kwenda."